Gari la Nzabonimpa Lililokohoa Wiki Tatu

Jumatano hiyo Nyirahabimana alifagia ua mara mbili, na mara ya pili hapakuwa hata na jani moja la kufagia. Alikuwa akilizunguka gari tu. Pikapu ya buluu ilisimama palepale iliposimama kwa wiki tatu, mbele ya nyumba, na magurudumu yake yalikwisha kujichimbia vishimo kwenye udongo. Vumbi jeupe la Muganza, lile linalofuata malori ya saruji na kutua juu ya migomba, mabati na nguo zilizoanikwa, lilikuwa limelala juu ya boneti. Kila asubuhi alilifuta kwa kitambaa kibichi, kama mtu anayemfuta mgonjwa uso, na kufikia saa nne lilikuwa limerudi.

Saa sita ya siku hiyo Mukengere angekuja kulichukua.

Mukengere alikuwa mnunuzi wa magari yaliyokufa, mtu wa Kamembe, mnene, mcheshi, asiyemkosea mtu adabu. Alifungua magari kama mwanamke anavyochambua kuku: injini huku, milango huku, viti huku. Mume wa Nyirahabimana, mzee Nzabonimpa, alikuwa amempa neno lake. Alimwambia, "Ikifika Jumatano saa sita na haijawaka, njoo na kamba." Na Nzabonimpa hakuwa mtu wa kurudisha neno lililokwisha kutoka kinywani.

Kama lingekuwa gari tu, Nyirahabimana asingekosa usingizi. Lakini gari lile lilikuwa miguu ya mumewe. Nzabonimpa aliendesha malori ya machimbo ya mawe ya chokaa miaka ishirini na sita, mpaka siku jiwe lilipomwangukia kiunoni. Alipostaafu alinunua ile pikapu, na tangu hapo, saa kumi na moja alfajiri, alikuwa akiwapeleka wafanyakazi wa zamu ya kwanza kiwandani, kisha anangoja getini apakie mifuko ya saruji ya kupeleka madukani Bugarama, na kurudi anawabeba akina mama na mpunga wao. Kwa fimbo alikuwa mzee anayehesabu hatua hadi chooni. Nyuma ya usukani alikuwa mwanaume mzima, mkono mmoja dirishani, akipigia honi kila anayemjua, na alimjua kila mtu.

Sasa wiki tatu alilala amegeukia ukuta. Redio haikuwashwa. Alipopelekewa chai alikunywa ikiwa tupu, bila kuuliza sukari iko wapi, yeye ambaye maisha yake yote alitia vijiko vinne na kuongeza cha tano mkewe akigeuka. Hiyo chai tupu ndiyo iliyomwogopesha Nyirahabimana kuliko kitu kingine chochote. Alijua kwamba gari likivutwa kwa kamba kupita ile kona, mumewe hatatoka tena kitandani.

Si kwamba hawakujaribu. Wa kwanza alikuwa Vénuste, jirani yao, dereva wa lori na fundi wa malori, mwanaume mwenye upara unaong'aa na maneno mengi. Alibadilisha betri, akabadilisha chujio la dizeli, akafungua na kufunga kila kilichofunguka. Kisha akaja fundi mwingine kutoka Bugarama, akatoa nozeli zote nne, akazisafisha, akazirudisha. Gari likabaki vilevile. Ukipiga stata, injini ilizunguka kwa nguvu zote, wi-wi-wi-wi, bila uvivu wowote. Kisha ikashika kidogo, ikatetemeka, ikakohoa moshi mweusi mara mbili tatu, na kuzima. Mafundi wote wawili walisema pampu ya dizeli imekufa, na pampu ya gari la umri ule haipatikani.

Ndipo Nyirahabimana, bila kumwambia mumewe, akatuma ujumbe kwa fundi Karim wa Kamembe. Wanawake wa soko la mchele walikuwa wakisema kwamba Karim husikiliza gari kabla ya kuligusa.

Lakini pikipiki iliyosimama getini saa tatu na nusu haikumleta Karim. Ilimleta mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyevaa ovaroli ya kijivu iliyopigwa pasi, kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri hadi shingoni, na sanduku la chuma mapajani. Alishuka, akamlipa mwenye pikipiki, akavua viatu vya barabarani na kuvaa vya kazi, kisha ndipo akaja kusalimu.

"Mwaramuke, Maman. Miye ni Gasaro, mutoto ya fundi Karim. Papa macho yake haione tena muzuri, njo amenituma miye."

Vénuste alikuwa ameketi kwenye ukingo wa baraza. Alikuja kusikia atakachosema Karim, na sasa alicheka hadi mabega yakacheza.

"Karim ametuma binti! Na hiyo sanduku ni ya spana ama ni ya mafuta ya nywele?"

"Iko na byote, Papa," Gasaro alijibu bila kumwangalia, akiweka sanduku chini polepole. "Nikimaliza kazi, nitakupaka na weye."

Nyirahabimana alijishika mdomo. Vénuste alijipapasa upara.

Gasaro hakukimbilia boneti. Alikubali chai, akaketi kwenye kigoda, na akaanza kuuliza. Nyirahabimana alikuwa amezoea mafundi wanaouliza funguo ziko wapi. Huyu aliuliza mambo mengine kabisa.

"Gari iliwaka muzuri mara ya mwisho siku gani, Maman?"

"Jumatano. Wiki moja na zaidi mbele ya Asomusyo, ile sikukuu ya Bikira Maria. Alhamisi Mzee alishikwa na kiuno, akalala mpaka Jumapili. Jumatatu ameamka vizuri, ameenda kuwasha, gari imekataa."

"Kumbe ilipumzika siku ine."

"Siku ine."

"Na hizo siku ine, hapa ku nyumba mulikuwa munafanya nini?"

"Sasa huyu ni fundi ama ni polisi?" Vénuste alimuuliza mbuzi aliyefungwa karibu naye.

Nyirahabimana hakuona ubaya wa swali. Alipenda kuulizwa mambo ya nyumba. Alieleza kwamba sikukuu ilikuwa inakaribia, na yeye kila sikukuu hufua kila kitu: mapazia, mablanketi, vitambaa vya viti, mito, hata kofia ya Nzabonimpa ya siku za machimbo, ambayo haijavaliwa miaka sita. Kwenye gari alifua vitambaa vya viti na mikeka ya miguuni, na...

Ndani ya nyumba Nzabonimpa alikohoa, na Nyirahabimana akaishia hapo. Mzee hakupenda mtu aguse gari lake. Mambo ya usafi yalikuwa mambo ya usafi, alijisemea, hayana uhusiano na pampu.

Gasaro alimtazama kidogo, akanywa chai yake hadi ya mwisho, akasuuza kikombe mwenyewe kwa maji ya kwenye jagi. Kisha akatandika kitambaa cheupe juu ya ukuta mdogo wa baraza na kupanga juu yake spana zake, ndogo kwanza, kubwa mwisho, nafasi ya kidole kati ya moja na nyingine. Nyirahabimana, ambaye alipanga hata kuni kwa urefu, alihisi moyo wake ukimwendea yule mwanamke.

"Sasa naomba mwenye gari," Gasaro alisema. "Ni yeye atapiga stata."

"Nitapiga miye," Vénuste alisema akiinuka.

"Hapana, Papa. Nataka mukono yenye gari imezoea."

Nyirahabimana aliingia chumbani. Mumewe alikuwa amegeukia ukuta.

"Papa Dusabe," alimwita kwa jina la mtoto wao, "fundi anakuita."

"Funguo iko ku musumari."

"Hatake funguo. Anakutaka weye. Anasema hapana mwingine atapiga stata."

"Maman Dusabe, ile gari imekufa. Maiti haipigwe stata."

"Basi uende umwambie weye mwenyewe. Miye niko naona haya, ametoka Kamembe na pikipiki."

Kitanda kililia. Nyirahabimana alimpa fimbo, akamwekea kofia kichwani, na akatembea nyuma yake bila kumshika, kwa sababu hakupenda kushikwa. Hatua kumi na nane kutoka kitandani hadi mlangoni mwa gari, alizihesabu zote. Wiki tatu hakuwa amezitembea.

Gasaro alimsalimu kwa mikono miwili, ameinama kidogo. "Mzee, unisaidie. Weye unapiga, miye nasikiliza."

Nzabonimpa alikaa kwenye kiti chake, akarekebisha kioo ambacho hakikuhitaji kurekebishwa, na akageuza ufunguo. Wi-wi-wi-wi. Gasaro alisimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, macho amefumba, kiganja kimoja juu ya bawa la gari. Injini ikashika, ikatetemeka, ikakohoa, ikazima.

"Betri muzima," alisema. "Stata muzima. Inazunguka kama kijana. Mzee, hii gari uliitunza."

Mkewe alimwona Nzabonimpa akikaa wima zaidi.

Kilichofuata Nyirahabimana angeweza kukisimulia hadi mwisho wa maisha yake, maana hakuwa ameona mtu akifanya kazi namna ile. Gasaro hakung'oa kitu. Alilegeza nati moja ndogo kwenye bomba la nozeli, mzunguko mmoja tu wa spana, akamwomba Mzee apige. Dizeli iliruka, tsi, tsi, tsi, safi, bila povu. Alikinga matone kwenye kifuniko cha chupa, akayaangalia kwenye jua, akayanusa, akakaza nati na kuifuta.

"Inakula," alisema. "Pampu haijakufa. Pampu iliyokufa hairushe hivi."

Vénuste alisogea kuangalia kile kifuniko cha chupa.

Kisha Gasaro akachukua taa ndogo yenye nyaya mbili, akagusa buji, zile plagi za kupasha injini moto, moja baada ya moja, na kila aliyoigusa, taa iliwaka.

"Inapata moto."

Mwisho akachukua kipande cha kitambaa cheupe, akakishika nyuma ya bomba la moshi huku Mzee akipiga. Kilirudi kikiwa na doa jeusi kama sufuria iliyopikiwa kuni mbichi. Alikaa nalo, akalifikicha kwa kidole gumba, akafikiri. Hata mbuzi alikuwa ameacha kutafuna.

"Papa alinifunza hivi," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Gari inataka bintu bitatu: ikule, ipate moto, ipumue. Hii inakula. Moto iko nayo. Lakini moshi nyeusi ni chakula yenye haikupata hewa. Mzee, gari yako iko inakula kuliko inapumua."

"Kama ni filta ya hewa, usijichokeshe!" Vénuste alipata nafasi yake. "Niliifungua na hii mikono. Nilifungua kifuniko, nikaangalia. Safi! Hapa Muganza haujaona filta safi kama ile. Nyeupe pe!"

Gasaro aligeuka taratibu, spana mkononi.

"Rudia, Papa?"

"Nyeupe pe, nakuambia."

"Gari inapakia simenti ku geti ya kiwanda kila siku. Na filta nyeupe pe."

"Si ndiyo."

"Ni mupya?"

"Hapana, Mzee hajabadilisha tangu..." Vénuste aliishia hapo, akaanza kujikuna kidevu.

Wakati huohuo lori dogo likasimama getini, na Mukengere akashuka na kamba yake begani, nene kama mkono. Alisalimu mmoja mmoja, akauliza habari za watoto, akakubali kigoda.

"Bado hamujaizika?" alisema kwa sauti ya msibani, na hata Nzabonimpa akatabasamu nusu. "Musikimbie, musikimbie. Saa sita kasoro dakika makumi mbili. Miye ni muntu ya kungoja. Mzee, neno ni neno?"

"Neno ni neno," Nzabonimpa alisema, na tabasamu lake likaondoka.

Nyirahabimana aliitazama ile kamba. Gasaro hakuangalia saa. Alimwita kwa mkono.

"Maman, karibu hapa. Unaona huu mupira munene? Njo njia ya hewa, inatoka ku filta inaenda ndani ya injini. Uweke mukono juu yake. Polepole, kama unashika shavu ya mutoto."

Nyirahabimana alijifuta kiganja kwenye kitenge na kukiweka. Mpira ulikuwa na joto la jua, mnene, umejaa.

"Mzee, piga!"

Wi-wi-wi-wi, injini ikashika, na chini ya kiganja chake mpira ukabonyea. Ulijivuta ndani, ukawa bapa, ukatetemeka, kama mashavu ya mtoto anayenyonya titi lisilotoa kitu. Injini ikakohoa, ikazima, na mpira ukarudi kujaa kwa mlio mdogo: fu.

"Inanyonya," Nyirahabimana alinong'ona. "Inanyonya na haipate."

"Weye njo umeiona," Gasaro alisema. "Mafundi wawili hawakuiona. Weye umeiona na mukono."

Akafungua vibanio vitatu vya kopo la chuma la filta na kutoa kilichokuwa ndani: duara la karatasi lililokunjwakunjwa mikunjo mingi, kubwa kama chungu cha maharage. Alilishika kwa mkono mmoja, kisha akaongeza wa pili. Uzito ulikuwa umemshtua. Aliligonga kwa ncha ya spana.

Ko, ko, ko.

Mlio huo ulikuwa wa kigae. Nyirahabimana alipousikia, papo hapo akaliona akilini beseni lake la plastiki, lile la kijani, na mikono yake ikiingia kwenye povu. Ilikuwa ile Alhamisi. Kila Jumamosi Nzabonimpa hulitoa lile duara, akalikung'uta kwenye tairi, puu puu, akalirudisha. Mwaka mzima mkewe alikuwa akimwangalia na kusema moyoni kwamba vumbi namna ile halitoki kwa kukung'uta. Mume alipoanguka na kiuno, akaona amfurahishe. Akalitoa. Akalitia majini na sabuni ya unga, akaliacha lilowe mchana kutwa na usiku kucha, kama anavyoloweka kola ya shati. Ijumaa akalisuuza kwa juujuu likawa jeupe la kupendeza, akalianika kivulini hadi Jumamosi jioni, akalirudisha kimya kimya. Alikuwa ameona limekuwa gumu. Alidhani limekaza vizuri, kama nguo iliyotiwa wanga.

Yeye, mzaliwa wa Muganza, mwenye miaka sitini na saba, aliyezeeka akisikia kiwanda kikiunguruma. Alikuwa amechanganya simenti na maji, akaacha ikauke.

Gasaro alilinusa lile duara. Alimtazama Nyirahabimana, akatazama mikono yake, kisha akasema kwa sauti ya watu wote, "Naomba maji ya kunawa, Maman. Twende unionyeshe." Walipofika nyuma ya jiko akashusha sauti.

"Ilinuka sabuni."

"Ni miye," Nyirahabimana alisema. "Mungu wangu. Ni miye niliiua."

"Haikufa. Ilikuwa imefungwa pua." Gasaro alinawa bila haraka. "Maman, filta inaweza kupata maji kwa njia mingi. Gari inapita ku kidimbwi, maji inaruka. Miye nitasema ilipata maji, basi. Haitakuwa bongo, sitakuwa nimedanganya. Vingine ni bya weye na Mzee."

Alikausha mikono, akarudi uani. Kopo la chuma lilikuwa tupu.

"Mzee," aliita. "Piga sasa. Mara moja tu."

Mukengere alikuwa amekwisha kusimama na kamba yake. Nzabonimpa alishika usukani kwa mkono wa kushoto, akafanya ishara ya msalaba haraka haraka kwa wa kulia, na akageuza ufunguo.

Haikufika hata wi ya pili. Injini ilishika, ikanguruma, ikatoa wingu moja jeusi, la mwisho, la masizi ya wiki tatu, kisha moshi ukawa hauonekani na mlio ukakaa sawa, mzito, wa raha, vyombo vikalia jikoni. Kuku walikimbia. Mwanamke jirani alipiga vigelegele kutoka ng'ambo ya ua kabla hajajua ni vya nini. Nzabonimpa alikanyaga mafuta kidogo, akaachia, akakanyaga tena. Kofia ilikuwa imeteleza kwenye sikio moja naye hakuiweka sawa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Saa sita kasoro dakika tano," Mukengere alisema, akaitua kamba. "Fundi, umeniibia maiti."

Walipozima, Nzabonimpa alitoka garini peke yake, bila fimbo, ameshika mlango.

"Binti yangu, ilikuwa nini?"

"Filta, Mzee. Ilipata maji, ile vumbi ya simenti yenye ilikuwa ndani ikashikana. Kwa juu iko safi, ndani ni jiwe." Alilinyanyua duara kulielekeza juani, na hakuna hata tundu la sindano lililopitisha mwanga. Akamimina juu yake maji kidogo ya kikombe, na maji yakakaa kwenye mikunjo kama kwenye sahani. "Njo maana wengine waliona nyeupe, bakaacha."

"Maji?" Nzabonimpa alikunja uso. "Maji ya wapi? Mwezi wa nane, kiangazi, hakuna hata tope."

Gasaro alianza kupanga spana zake. Vénuste alitazama mbingu, akiitafuta mvua ya kiangazi. Hapo Nyirahabimana angeweza kunyamaza. Gari lilikuwa limewaka, kamba imetuliwa. Lakini aliwaza Jumamosi ijayo, mumewe akilikung'uta jipya kwenye tairi, na yeye amesimama dirishani na siri yake. Aliona hataweza.

"Papa Dusabe. Ni maji ya beseni. Ya kijani."

"Beseni gani?"

"Niliifua. Ulipokuwa umelala na kiuno. Na omo, na maji mingi. Niliiloweka usiku muzima, nikaianika. Nilitaka uikute nyeupe."

Nzabonimpa alimtazama mkewe, akatazama lile duara mkononi mwa Gasaro, akarudi kwa mkewe. Mdomo wake ulianza kutetemeka upande mmoja, na Nyirahabimana akafumba macho angoje.

Kilichotoka kilikuwa kicheko. Kilianza tumboni, kidogo, kisha kikampanda hadi akalazimika kuegemea gari.

"Miaka makumi mbili na sita!" alisema alipopata pumzi. "Miaka makumi mbili na sita nimebeba mawe, kiwanda kizima na moto yake na mashine yake inatengeneza simenti. Na huyu Maman, na beseni moja, ametengeneza jiwe ndani ya nyumba yangu!"

"Na niliikausha kivulini," Nyirahabimana alisema, akilia na kucheka pamoja, "ili isipasuke."

"Isipasuke! Munamusikia? Aende kiwandani bamupe kofia!"

Vénuste alikuwa amejishika mbavu, mpaka Gasaro aliposema bila kuinua kichwa, "Na weye, Papa, uliangalia jiwe ukasema ni safi." Hapo Mukengere akacheka peke yake kwa zamu yake.

Nzabonimpa alitaka aondoke papo hapo, hata bila chujio, afike getini tu watu wamwone. Gasaro alikataa kwa adabu na kwa ukali. Katika vumbi la Muganza, alisema, injini isiyo na chujio inakula mchanga, na siku hiyo itakuwa maiti kweli. Basi Vénuste, bila mtu kumtuma, alipanda pikipiki ya mpwawe na kwenda Bugarama kuleta jipya. Wakati wa kungoja, Nyirahabimana alileta chai ya watu wote. Nzabonimpa alionja, akatoa kikombe mdomoni.

"Maman Dusabe, na sukari? Ama nayo uliifua?"

Nyirahabimana alikimbia jikoni kulileta kopo zima, akampa, na safari hii mumewe alipotia kijiko cha tano hakugeuka, alimwangalia.

Kabla ya kuondoka, Gasaro aliomba alichukue lile duara la jiwe, ampelekee baba yake. Macho ya Karim hayaoni, alisema, lakini vidole vyake vitaliona na atafurahi siku nzima. Alilifunga katika kitambaa cheupe, akalipakata juu ya sanduku, akavua viatu vya kazi na kuvaa vya barabarani. Mkono wa Nyirahabimana aliushika kwa muda. "Mukono yako iko na akili, Maman," alimwambia. "Ilisikia mupira."

Jumamosi iliyofuata, pikapu ikiwa imerudi kutoka madukani, Nzabonimpa alifungua vibanio vitatu na kutoa chujio jipya. Nyirahabimana alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Karibia," mumewe alisema. "Haiume."

Alikaribia. Mumewe akampa lile duara, jepesi kama kiota, akamwonyesha tairi.

"Ukung'ute weye. Taratibu, ukizungusha. Hivyo. Na ukiona beseni, ukimbie."

Puu, puu, puu, vumbi jeupe likaruka na kutua juu ya sketi yake iliyofuliwa asubuhi. Nyirahabimana hakulifuta.